Mtoto Mkimbizi na Maslahi Yake Bora: Kutoka Kambi za Ifunda na Kidugala hadi Barabara Kuu ya TANZAM Mkoani Iringa

Ikisiri

Makala hii inaeleza dhana ya maslahi bora ya mtoto jinsi inavyopaswa kufanya kazi kwa watoto wakimbizi na wahamiaji waliokimbia vurugu. Eneo la rejea ni Iringa, mkoa ambao kwa nadra hutajwa katika tafiti za ukimbizi nchini Tanzania. Makala inaanza na kisa cha watoto wa Kipolandi waliohifadhiwa Ifunda na Kidugala katika miaka ya 1940, inapitia sheria za kimataifa, za Afrika na za Tanzania zilizotungwa baadaye, kisha inachambua hali ya mtoto asiye na mlezi anayekamatwa leo katika barabara inayokwenda Mbeya na Tunduma. Hoja kuu ni kwamba mwanya uliopo leo hautokani na upungufu wa sheria. Unatokana na mpangilio wa sheria hizo, yaani ni ipi inayomfikia mtoto kwanza. Makala inapendekeza kwamba umri utangulie hadhi ya uhamiaji katika kila hatua ya shauri la mtoto.

Istilahi za msingi: mtoto mkimbizi, mtoto asiye na mlezi, maslahi bora ya mtoto, kutorejeshwa kwa lazima, Ifunda, Kidugala

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu wakimbizi nchini Tanzania kwa kawaida huelekezwa magharibi. Hutajwa Ngara, ambako mwishoni mwa Aprili 1994 takribani Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja. Hutajwa kambi za Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma, pamoja na makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu yaliyopokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Iringa haimo katika orodha hiyo, kwa kuwa haipakani na nchi yoyote na haina kambi.

Hata hivyo, kuna sababu mbili za kuichunguza Iringa. Kwanza, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lililokuwa Jimbo la Nyanda za Juu Kusini lilikuwa na kambi mbili za wakimbizi kutoka Ulaya, Ifunda na Kidugala, na sehemu kubwa ya wakazi wake walikuwa wanawake na watoto. Pili, barabara kuu ya TANZAM, inayotoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Mafinga na Makambako hadi Mbeya na Tunduma, ni sehemu ya njia ya kusini inayotumiwa na wahamiaji kutoka Pembe ya Afrika wanaoelekea Afrika Kusini. Miongoni mwao wamo watoto wasio na mzazi wala mlezi.

Matukio hayo mawili yametenganishwa na zaidi ya nusu karne. Wakati wa tukio la kwanza hapakuwa na Mkataba wa Haki za Mtoto wala mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi. Wakati wa tukio la pili mikataba yote imekwisha kuridhiwa na sheria za nchi zimetungwa. Pamoja na hayo, katika mambo kadhaa ya msingi, mtoto wa tukio la kwanza alipata hifadhi ambayo mtoto wa tukio la pili huikosa. Kitendawili hicho ndicho kinachofafanuliwa katika sehemu zinazofuata.

1.1 Ufafanuzi wa istilahi

Kwa mujibu wa Mkataba wa mwaka 1951, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulipanua maana hiyo ili imjumuishe mtu anayekimbia uvamizi, ukaliaji wa kigeni au matukio yanayovuruga kwa kiasi kikubwa utulivu wa umma. Mhamiaji ni istilahi pana zaidi. Humtaja mtu yeyote anayehama, awe anatafuta kazi, elimu, ndugu au usalama.

Mtoto asiye na mlezi ni yule aliyetengana na wazazi wote wawili na ndugu wengine, na ambaye hana mtu mzima anayewajibika kwake kwa sheria au kwa mila. Mtoto aliyetenganishwa ni yule aliyetengana na wazazi lakini yuko pamoja na ndugu mwingine, kama vile shangazi, mjomba au kaka mkubwa. Tofauti hii ni muhimu katika jamii za Afrika Mashariki, ambamo mjomba ni mzazi kwa mila ingawa mara nyingi hana hati ya kuthibitisha hivyo.

Maslahi bora ya mtoto ni kanuni inayotaka kila uamuzi unaomhusu mtoto uanze na swali la kile kinachomfaa mtoto huyo mahususi. Kanuni hii ina sura mbili. Ni haki ya mtoto, na pia ni utaratibu, maana hudai hatua zinazojulikana: kukusanya taarifa, kumsikiliza mtoto, kupima njia zilizopo, na kuandika sababu za uamuzi. Bila utaratibu, maneno “maslahi bora” huweza kutumiwa kuhalalisha uamuzi wowote wa mtu mzima. Kisa cha watoto wa Kipolandi kinadhihirisha hatari hiyo.

2.0 Watoto wa Kipolandi katika Nyanda za Juu Kusini

2.1 Chanzo cha ukimbizi wao

Septemba 1939 Polandi ilivamiwa na Ujerumani kutoka magharibi na Umoja wa Kisovyeti kutoka mashariki. Kati ya Februari 1940 na Juni 1941, utawala wa Kisovyeti uliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia wa Polandi mashariki, katika awamu nne, na kuwapeleka Siberia, Kazakhstan na maeneo mengine ya ndani. Familia nzima zilipakiwa katika mabehewa ya mizigo. Watoto wengi walifiwa na wazazi kwa njaa, baridi na homa ya matumbo.

Ujerumani ilipoushambulia Umoja wa Kisovyeti mwaka 1941, serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London ilifikia makubaliano na Moscow mnamo tarehe 30 Julai 1941. Wafungwa na waliohamishwa waliachiliwa, na jeshi la Kipolandi likaundwa chini ya Jenerali Władysław Anders. Mwaka 1942 jeshi hilo, likifuatana na maelfu ya raia, lilivuka Bahari ya Kaspi hadi bandari ya Pahlevi nchini Iran. Wanajeshi walielekea vitani. Raia walitafutiwa hifadhi India, Mexico, Nyuzilandi na katika makoloni ya Uingereza barani Afrika.

Takribani Wapolandi 18,000 walipokewa Afrika Mashariki na ya Kusini. Nchini Uganda walikaa Masindi na Koja. Tanganyika ilikuwa na kambi kubwa ya Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa na takribani watu 5,000, pamoja na kambi ndogo zaidi, zikiwamo Kondoa, Morogoro, Ifunda na Kidugala. Meli ziliwashusha katika bandari za pwani. Kwa kuwa hakuna reli iliyofika Iringa, sehemu ya mwisho ya safari ilikuwa ya barabara.

2.2 Mpangilio wa malezi na elimu

Ifunda iko kusini-magharibi mwa mji wa Iringa, kando ya barabara ya kwenda Mafinga. Kidugala, ambayo leo imo katika Wilaya ya Wanging'ombe mkoani Njombe, ilikuwa stesheni ya Misheni ya Berlin. Wamisionari Wajerumani walikuwa wamewekwa kizuizini kwa sababu ya vita, na majengo yao yakatumika kuwahifadhi watu waliokuwa wamepoteza nchi kwa vita hiyo hiyo.

Mambo manne yalibainisha malezi katika kambi hizo. La kwanza ni utambulisho. Kila mtoto aliorodheshwa kwa jina, umri, mahali alikotoka na jamaa aliye hai, ikiwa yupo. Orodha hizo zilisaidia kuwatafuta akina baba na kaka waliokuwa jeshini. La pili ni kuwaweka watoto pamoja na jamii yao. Waliokuwa na mama au shangazi waliishi naye, na yatima waliwekwa chini ya walezi wa lugha na dini yao. La tatu ni elimu. Shule ziliendeshwa kwa Kipolandi na walimu waliotoka miongoni mwa wakimbizi, na kwa kuwa vitabu vilikuwa haba, baadhi vilichapishwa Palestina. Kulikuwa pia na makanisa na vikundi vya skauti. La nne ni gharama kuwa na mwenyewe. Serikali ya Polandi ya uhamishoni ililipia matunzo kwa mikopo kutoka Uingereza. Uingereza ilipoacha kuitambua serikali hiyo Julai 1945, jukumu hilo hatimaye lilihamia kwa mashirika ya kimataifa: kwanza UNRRA, kisha Shirika la Kimataifa la Wakimbizi (IRO).

Kwa lugha ya leo, huo ni mwendelezo wa malezi. Ibara ya 20 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inataka nchi inapomtafutia makao mtoto aliyekosa familia, izingatie mwendelezo wa makuzi yake na asili yake ya kikabila, kidini, kitamaduni na kilugha. Ifunda na Kidugala zilitekeleza sharti hilo kabla halijaandikwa.

2.3 Mipaka ya ulinzi huo

Lingekuwa kosa kuzisifu kambi hizo pasipo kuuliza ni nani aliyestahili ulinzi wa namna hiyo. Wapolandi walipokewa katika koloni lililojengwa juu ya ubaguzi wa rangi. Ujenzi na huduma za kambi vilitegemea nguvukazi ya Waafrika wenyeji, ambao watoto wao wengi hawakuwa na nafasi ya shule. Mwanahistoria Jochen Lingelbach, katika kitabu chake cha mwaka 2020 kuhusu Wapolandi katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, ameonesha kwamba watawala walikuwa na wasiwasi wa aina mbili. Walitaka kuwahudumia wakimbizi hao kama Wazungu, lakini waliogopa kwamba Wazungu maskini wangeshusha hadhi ya watawala machoni pa Waafrika. Kwa sababu hiyo waliwekwa mbali na miji, walidhibitiwa mienendo yao, na kwa jumla hawakukusudiwa kuwa wakazi wa kudumu.

Hivyo basi, kambi ilikuwa hifadhi na pia uzio. Sura hizo mbili hazikukoma pamoja na ukoloni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 nayo inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa na asitoke bila kibali. Mtafiti anayesoma sera ya kambi nchini Tanzania kana kwamba ilianza na wakimbizi wa miaka ya 1990 huacha nje sehemu ya historia yake.

Baada ya wakimbizi kuondoka, Ifunda iligeuzwa kuwa shule ya ufundi katika miaka ya mwanzo ya 1950, na hadi leo ni shule ya sekondari ya ufundi inayojulikana nchini kote. Yaliyobaki ya Wapolandi katika Ifunda na Kidugala ni pamoja na makaburi yao.

2.4 Mgogoro wa yatima wa mwaka 1949

Vita vilipokwisha, swali la nani ana mamlaka juu ya yatima lilizuka. Polandi ilikuwa chini ya serikali ya kikomunisti, ambayo iliwadai watoto hao kama raia wake. Viongozi wa jamii ya wakimbizi, wakiwamo makasisi, walipinga kuwarejesha watoto chini ya utawala uliofungamana na dola iliyowahamisha na kusababisha vifo vya wazazi wao. IRO ililazimika kuamua, na jambo lilikuwa gumu zaidi kwa kuwa baadhi ya watoto walioitwa yatima walikuwa na jamaa waliobaki hai Polandi.

Mwaka 1949 takribani watoto na vijana 150 waliokuwa Tengeru, ambako wakimbizi wa kambi zilizofungwa walikuwa wamekusanywa, walisafirishwa kupitia Mombasa hadi Italia, kisha Ujerumani, na hatimaye Kanada kwa mwaliko wa Askofu Mkuu Joseph Charbonneau wa Montreal. Padre Łucjan Królikowski, Mfransisko, alifuatana nao. Serikali ya Warsaw ilidai kuwa watoto wametekwa nyara na ikaupeleka mgogoro huo kwenye Umoja wa Mataifa. Mwanahistoria Lynne Taylor, aliyechunguza nyaraka za shauri hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 2009, anaonesha jinsi kila upande ulivyodai kusema kwa niaba ya mtoto: serikali kwa jina la uraia, kanisa kwa jina la imani, na shirika la kimataifa kwa jina la ustawi.

Vijana wakubwa kati yao walikuwa na msimamo. Wengi hawakutaka kurudi. Lakini hapakuwa na kanuni iliyoeleza uzito wa maoni yao, wala umri ambao maoni hayo yangepaswa kufuatwa, wala chombo huru cha kupima dai la jamaa aliyebaki Polandi dhidi ya hofu ya mtoto. Uamuzi huenda ulikuwa sahihi kwa wengi wao. Kasoro yake ni kwamba haukuwa na utaratibu wa kuuhakiki, na kwa hiyo usahihi wake ulitegemea nia njema ya watu wachache. Sheria zilizotungwa baadaye zinaweza kusomwa kama jitihada ya kuondoa utegemezi huo.

3.0 Mfumo wa kisheria wa sasa

3.1 Mikataba ya kimataifa na ya Afrika

Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa mwaka 1989, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Ibara ya 3 inayafanya maslahi bora kuwa jambo la msingi katika kila hatua inayomhusu mtoto. Ibara ya 12 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na maoni hayo kupewa uzito kulingana na umri na upevu wake. Ibara ya 22 inamtaja mtoto mkimbizi waziwazi, awe na wazazi au peke yake, na kuitaka nchi isaidie kuwatafuta jamaa zake. Ibara ya 37 inaelekeza kwamba kumnyima mtoto uhuru kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi iwezekanavyo.

Kamati ya Haki za Mtoto ilifafanua wajibu huo katika Maoni ya Jumla Namba 6 ya mwaka 2005 kuhusu watoto walio nje ya nchi yao bila walezi. Mwaka 2017 Kamati hiyo, pamoja na ile ya wafanyakazi wahamiaji, ilikwenda mbali zaidi na kusema kuwa kumweka mtoto kizuizini kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji, au ya mzazi wake, si kwa maslahi yake bora kamwe.

Kwa upande wa Afrika, Mkataba wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, unazungumzia mtoto mkimbizi katika Ibara ya 23. Ibara hiyo inawagusa pia waliohamishwa ndani ya nchi yao, wakiwamo waliohamishwa na majanga ya asili au kuvurugika kwa uchumi na utulivu wa jamii. Mkataba wa Afrika, kwa hiyo, unaikaribia zaidi hali halisi ya bara hili, ambamo vita, ukame na umaskini mara nyingi humfukuza mtoto kwa pamoja.

3.2 Sheria za Tanzania

Sheria nne zinaweza kumhusu mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inayaweka maslahi bora kuwa jambo la msingi, na inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Inaanzisha pia Mahakama ya Watoto na kuweka utaratibu wa mahakama kuchunguza umri wa mtu anayeonekana kuwa mtoto. Sheria ya Wakimbizi Namba 9 ya mwaka 1998 inaeleza jinsi hadhi ya ukimbizi inavyoombwa na kuamuliwa, na inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inakataa ridhaa ya mtoto au ya mzazi wake kuwa utetezi kwa msafirishaji. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, nayo, imejengwa juu ya kosa la kuingia au kuwapo nchini bila kibali.

Sheria tatu za kwanza huuliza mtu huyu anahitaji nini. Sheria ya nne huuliza mtu huyu ana ruhusa gani. Mtoto akifikiwa kwanza na sheria ya nne, maswali ya nyingine tatu huweza yasiulizwe.

4.0 Iringa kama njia

Njia ya kusini huanzia Ethiopia na Somalia, hupita Kenya, huingia Tanzania kupitia mipaka ya kaskazini, kisha huelekea Mbeya na mipaka ya Malawi na Zambia. Wanaoipita ni mchanganyiko. Wako wanaotafuta kazi Afrika Kusini kutoka maeneo ya kusini mwa Ethiopia, na wako wanaokimbia mapigano, kama vile vita vya muda mrefu nchini Somalia au, hadi mwaka 2022, vita vya Tigray vilivyoanza Novemba 2020. Katika lori moja hao wote hukaa bega kwa bega.

Hatari za njia hiyo zinajulikana. Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 iligunduliwa katika Wilaya ya Kongwa, Dodoma, baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Tarehe 24 Machi 2020 Waethiopia 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena katika Jimbo la Tete, Msumbiji, katika lori lililotoka Malawi. Mtoto aliyemo katika lori la namna hiyo yuko chini ya mamlaka ya wakala ambaye malipo yake hutegemea kumfikisha, wala si kumfikisha akiwa mzima.

Lori linaposimamishwa, mtumishi wa umma wa kwanza kukutana na mtoto ni askari wa usalama barabarani, askari polisi au ofisa uhamiaji. Abiria wote huhesabiwa kama kundi moja. Mtoto wa miaka 16 asiye na hati, asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, anaweza kutajwa na wakala kuwa ni mtu mzima, au kujitaja hivyo mwenyewe kwa kuwa ndivyo alivyoelekezwa. Umri ulioandikwa katika kumbukumbu ya kwanza humfuata hadi mahakamani. Akiandikwa miaka 18, Sheria ya Mtoto humtoka kabla hajasikilizwa. Akiwa amekimbia vurugu, na asipoulizwa sababu ya safari yake kwa lugha anayoielewa, kanuni ya kutorejeshwa kwa lazima nayo huweza kuvunjwa bila yeyote kukusudia.

Nyenzo za kuzuia hali hiyo zipo katika mkoa. Jeshi la Polisi lina Dawati la Jinsia na Watoto. Halmashauri zina maofisa ustawi wa jamii. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, unaofahamika kama MTAKUWWA, ulielekeza kuundwa kwa kamati za ulinzi kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Watumishi hao wamezoea mashauri ya watoto wanaohamishwa, kwa kuwa Iringa na Njombe kwa muda mrefu zimekuwa chanzo cha wasichana wanaopelekwa mijini kufanya kazi za ndani. Ujuzi wa kumhoji mtoto aliyesafirishwa na mtu asiye ndugu yake, kumpatia makao ya muda na kuitafuta familia yake umekwisha kujengeka. Kinachokosekana ni daraja la kuufikisha ujuzi huo kwa mtoto wa kigeni aliyeko mahabusu.

5.0 Mjadala: nguzo nne za ulinzi

Kwa kulinganisha kisa cha Ifunda na Kidugala na hali ya sasa, ulinzi wa mtoto aliyekimbia vurugu unaweza kuelezwa kwa nguzo nne.

Nguzo ya kwanza ni utambuzi. Wapolandi waliorodheshwa mmoja mmoja, na orodha ndiyo iliyowezesha kila hatua iliyofuata. Katika mazingira ya leo, utambuzi unadai kwamba panapokuwa na shaka juu ya umri, anayedhaniwa kuwa mtoto achukuliwe kuwa mtoto mpaka uchunguzi uthibitishe vinginevyo. Kosa la kumhifadhi kijana wa miaka 19 kwa wiki chache hurekebishika. Kosa la kumfunga mtoto wa miaka 15 pamoja na watu wazima halirekebishiki kwa urahisi.

Nguzo ya pili ni mlezi. Katika mgogoro wa mwaka 1949 wengi walisema kwa niaba ya mtoto, lakini hakuna aliyekuwa na wajibu kwake peke yake. Ofisa ustawi wa jamii anafaa kushika nafasi hiyo mara mtoto anapotambuliwa, akiwa mtu tofauti na anayeendesha mashtaka na anayepanga kumrejesha mtoto kwao. Pamoja naye anahitajika mkalimani, kwa maana haki ya kusikilizwa haina maana kwa mtoto asiyeeleweka.

Nguzo ya tatu ni mwendelezo wa malezi na elimu. Wahenga walisema, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe”. Kwa mtoto, jembe hilo ni daftari. Lakini swali la elimu ya namna gani halina jibu moja. Watoto wa Ifunda walisomeshwa kwa Kipolandi ili warudi katika nchi ambayo wengi wao hawakurudi. Watoto wa Kirundi na wa Kikongo katika kambi za Kigoma wamesomeshwa kwa mitaala ya nchi zao. Mtaala wa nyumbani hulinda lugha na utambulisho wa mtoto, na humrahisishia kurejea amani ipatikanapo. Lakini ukimbizi ukidumu, mtaala huo huo humfungia mtoto nje ya jamii anamokulia. Maslahi bora yanataka suala hilo lipimwe kwa kuangalia muda unaotarajiwa wa ukimbizi na matakwa ya mtoto, wala lisiamuliwe na sera ya marejeo peke yake.

Nguzo ya nne ni suluhisho la kudumu. Njia zinazojulikana ni kurejea kwa hiari, kuishi moja kwa moja katika nchi ya hifadhi, na kuhamishiwa nchi ya tatu. Watoto wa Tengeru walipata njia ya tatu. Tanzania imewahi kufungua njia ya pili kwa kiwango kikubwa ilipowapa uraia takribani Warundi 162,000 wa mwaka 1972 na vizazi vyao. Kwa mtoto wa barabara ya TANZAM, njia inayofikiriwa kwanza ni kurejeshwa. Kurejea huko kunaweza kuwa ndiyo maslahi yake bora, hasa kwa aliyedanganywa na wakala na mwenye familia inayomsubiri. Hata hivyo, hilo ni hitimisho la uchunguzi, wala haliwezi kuwa mahali pa kuanzia. Lazima ijulikane kwanza familia iko wapi, kama ndiyo iliyomwuza au kumtuma, na kama alikotoka kuna amani.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba kulinganisha kambi iliyolipiwa na serikali ya uhamishoni kwa mikopo ya Uingereza na halmashauri yenye bajeti finyu si haki. Pingamizi hilo lina uzito kuhusu majengo, shule na chakula. Halina uzito kuhusu utambuzi na mlezi. Kuandika umri kwa uangalifu, kumwita ofisa ustawi wa jamii kabla ya kufungua jalada la shtaka, na kumtenga mtoto na watu wazima mahabusu ni mambo yanayotegemea zaidi maelekezo ya kazi kuliko fedha. Na kwa upande wa fedha, historia yenyewe inafundisha kwamba nchi ya hifadhi haikubeba mzigo peke yake mwaka 1942. Tanzania ina haki ya kudai kwamba isibebeshwe peke yake sasa.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba Iringa ina nafasi yake katika historia ya ukimbizi wa watoto, na kwamba nafasi hiyo inatoa funzo lenye pande mbili. Ifunda na Kidugala zinathibitisha kuwa inawezekana kumpokea mtoto aliyekimbia vurugu, mbali sana na kwao, akabaki na jina lake, lugha yake, shule yake na mtu mzima anayemjua. Kambi hizo zinathibitisha pia kwamba ulinzi unaotolewa kwa misingi ya rangi au siasa, bila utaratibu unaomhusu kila mtoto, huwaacha wengine nje na kuwafanya waliomo ndani kuwa mali ya kugombaniwa.

Sheria za sasa zimerekebisha kasoro ya pili kwa maandishi. Zimetamka kwamba mtoto ni mtoto, awe raia au mgeni. Kilichobaki ni kuzipanga katika utendaji ili Sheria ya Mtoto itangulie na Sheria ya Uhamiaji ifuate. Kwa mkoa wa njia kama Iringa, hatua ya kwanza ingekuwa mwongozo wa pamoja kati ya polisi, uhamiaji na ustawi wa jamii unaoeleza nani anaitwa, ndani ya muda gani, na mtoto analala wapi usiku wa kwanza. Eneo linalohitaji utafiti zaidi ni kumbukumbu za mashauri katika mahakama zilizo kando ya barabara hiyo, kuanzia Morogoro hadi Tunduma. Humo ndimo unaweza kupimwa umbali uliopo kati ya umri ulioandikwa na umri halisi wa watoto waliokwisha kupita.